Kilo 30 za ekseli ya nyuma

Ukiendesha usiku kati ya Chalinze na Morogoro, mwenye tela utamjua kabla hujaliona tela lenyewe. Taa zake zinakuchoma macho. Unampa ishara azishushe, naye anakujibu kwa kuwasha zile kubwa kabisa, ili ujue kwamba alizokuwa nazo mwanzo ndizo ndogo. Hakosei. Pikapu yake imekaa kitako, pua imeinuka, na taa zimeinuka pamoja na pua. Anachomulika si barabara. Ni macho yako na matawi ya miti.

Taa ni dalili tu, tena ndogo. Uzito uliotoka mbele ndio uliokuwa ukiyakandamiza matairi ya mbele yashike lami, na matairi hayo ndiyo yenye usukani na ndiyo yenye sehemu kubwa ya breki. Dereva huhisi gari limekuwa jepesi mkononi, na wapo wanaousifia wepesi huo. Usukani laini, wanasema. Wangoje mvua inyeshe, kona iwe ya ghafla, ndipo watajua ulaini huo ulitoka wapi.

Swali la kwanza la mtu anayetafuta pikapu ya kuvutia boti, jenereta au tangi la maji huwa moja: inavuta tani ngapi? Jibu analo kila mtu gereji. Hilux, Ranger, D-Max na nyingine za rika hilo hutangazwa Australia, nchi ambayo kuvuta nyumba za magurudumu wikiendi ni karibu dini, kwa tani 3.5, tela likiwa na breki zake. Tela lisilo na breki hukomea kilo 750, hata injini iwe na nguvu kiasi gani. Hilo la pili haliandikwi kwa herufi kubwa, na matela mengi yanayochomelewa pembeni mwa barabara zetu hayana breki hata moja. Lakini tuliache. Hata mwenye tela la kiwandani, lenye breki na taa zote, tani 3.5 hazimwambii anachohitaji kujua. Zinamwambia injini, gia na fremu vinaweza kukokota nini. Hazimwambii uzito utatua wapi.

Wamarekani walichoshwa mapema na namba za matangazo. Kila kampuni ilikuwa inapima kwa njia yake, na ajabu ni kwamba kila moja ilishinda. Chama cha wahandisi wa magari kikatoa kanuni moja ya kupimia, inayojulikana kwa namba yake, J2807. Toyota ndiyo iliyotangulia kuifuata, kwa matoleo ya mwaka 2011. Wenzake walijivuta miaka kadhaa, maana kuifuata kulimaanisha baadhi ya namba zishuke. Sehemu ya kanuni hiyo inayosimuliwa sana ni mpando wa Davis Dam, kwenye barabara namba 68 ya Arizona, inayoacha bonde la mto Colorado na kupanda jangwani. Joto lisipungue nyuzi 38, kiyoyozi kifunguliwe hadi mwisho, na pikapu ya kawaida yenye tela isishuke chini ya kilomita 64 kwa saa hadi juu. Aliyewahi kukaa nyuma ya lori pale Kitonga ataelewa kwa nini walichagua mlima.

Ila kanuni hiyo hiyo inachukulia kwamba ndani ya gari wamo watu wawili, kila mmoja kilo 68. Wawili! Huku kwetu dabo kabini yenye watu wawili huitwa gari tupu.

Sasa turudi kwenye uzito na mahali unapotua. Aliyewahi kuchota maji kwa mzega anaijua hesabu hii kwa bega lake. Ndoo mbili, moja mbele na moja nyuma, zinasawazishana, na bega linabeba ndoo mbili, basi. Tundika ndoo ya nyuma peke yake: ncha ya mbele inapanda, na mkono unalazimika kuikandamiza chini. Bega sasa halibebi ndoo tu. Linabeba ndoo pamoja na nguvu ya ule mkono. Ekseli ya nyuma ya pikapu ndiyo bega. Tufe la chuma lililofungwa nyuma ya bampa, linaloingia kwenye kikombe cha mkono wa tela, ndipo ndoo ilipotundikwa. Ekseli ya mbele ndiyo mkono, isipokuwa hauna misuli. Unakandamiza kwa uzito wake wenyewe, na kila kilo iliyotumika kukandamiza imehesabiwa kwa bega.

Tuweke namba. Chukua pikapu yenye mita 3 kutoka ekseli hadi ekseli. Hilux ya dabo kabini ina mita 3.085, kwa hiyo hatuko mbali na ukweli. Tufe liwe mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Mkono wa tela uliegemee tufe kwa kilo 350. Zidisha 350 kwa 4.2, gawanya kwa 3: unapata 490. Ekseli ya nyuma imepokea kilo 490 kutokana na mzigo wa kilo 350. Zile 140 za ziada hazikutoka kwenye tela. Zimetoka ekseli ya mbele.

Fundi naye akirefusha kiungio kwa sentimita 20, labda kwa sababu tairi la akiba linamzuia au mteja anataka lango la nyuma lifunguke bila kugonga jeki ya tela, hakuna atakayeona kosa. Tela ni lilelile na mzigo ni uleule. Lakini ekseli ya nyuma sasa imebeba kilo 513, na ya mbele imepoteza 163. Sentimita 20 za bomba la chuma zimehamisha kilo 23, na hizo zinahama kila unapofunga tela, hadi siku gari litakapouzwa.

Kwenye nguzo ya mlango wa dereva, au kwenye kibati ndani ya boneti, pikapu huwa na namba zake. Kuna uzito wa juu wa gari pamoja na kila kilichomo. Kuna uzito wa juu wa kila ekseli, ambao kwa magari mengi huandikwa hapohapo. Uzito wa juu wa gari na tela vikiwa pamoja mara nyingi hauandikwi mlangoni. Utaukuta kwenye kitabu cha gari, kile kilichobaki na mmiliki wa kwanza. Watu husoma namba ya kwanza, wakiisoma, na kudhani nyingine ni maelezo yake. Sivyo. Kila moja ni mpaka unaojitegemea, na unaweza kuitii mitatu ukavunja wa nne bila kujua.

Nitaionyesha kwa pikapu ya mfano, yenye namba nilizozipanga zikaribiane na za magari ya rika hilo. Tupu ina kilo 2,100: mbele 1,200, nyuma 900. Mpaka wa gari na vilivyomo ni 3,050. Mpaka wa ekseli ya nyuma ni 1,800. Mpaka wa gari na tela kwa pamoja ni 5,900. Tela la tangazo ni 3,500, lakini mwenye gari letu ni mtu mwangalifu, kwa hiyo tela lake lina kilo 3,200 tu, na kati ya hizo 350 zinaegemea tufe. Ndani wamo watu wanne wa kilo 75, jumla 300. Tuseme 160 zinaangukia mbele na 140 nyuma. Kwenye bodi ameweka kilo 300 za vifaa, juu kabisa ya ekseli ya nyuma, mahali pazuri kuliko pote.

Piga hesabu. Gari: 2,100 na 300 za watu na 300 za vifaa, ni 2,700. Ongeza 350 za mkono wa tela: 3,050. Amegusa mpaka, hajauvuka. Gari na tela: 2,700 na 3,200 ni 5,900. Amegusa mpaka wa pili, hajauvuka. Tela lenyewe lina nafasi ya kilo 300 kabla ya kufikia namba ya tangazo. Sasa ekseli ya nyuma: 900 za kuzaliwa nazo, 140 za watu, 300 za vifaa, na zile 490. Jumla 1,830. Mtu huyu ametii kila namba aliyoijua, na ekseli yake ya nyuma imezidi kwa kilo 30.

Kilo 30 si maafa, najua. Ni mfuko wa saruji haujatimia. Lakini huyu ndiye mwanafunzi bora wa darasa. Amepunguza tela, amepima, ameweka vifaa juu ya ekseli. Dabo kabini nyingi zina bodi ambayo sehemu yake kubwa iko nyuma ya ekseli, na vitu vizito huishia langoni kwa sababu ndivyo vinavyopakiwa mwisho. Jenereta na madumu ya dizeli vikisogea sentimita 60 nyuma ya ekseli, kilo 300 zile zinaiongezea ekseli ya nyuma 360 na kuipunguzia ya mbele 60. Tumeshafika 1,890. Ongeza bampa ya chuma ya nyuma, ambayo haikuwepo gari lilipopimwa kiwandani, na tangi la pili la mafuta, na tairi la akiba la pili kwa safari ya porini. Pikapu za safari zinazotoka Arusha zimejaa vitu vya aina hii, na kila kimoja ukikitazama peke yake kina sababu nzuri.

Dawa ya gereji inajulikana. Nyuma imekaa? Ongeza springi. Fundi anaingiza mabamba mawili, au anafunga mifuko ya hewa, pikapu inanyanyuka, taa zinarudi barabarani, mteja analipa na kushukuru. Mpeleke kwenye mizani hapohapo. Ekseli ya nyuma ina uzito uleule na ekseli ya mbele bado ina upungufu uleule. Springi huamua gari lisimame kwa kimo gani, haiamui uzito ugawanyike vipi. Kilichobadilika ni kwamba dalili imeondoka. Mimi ningependelea gari lililokaa kitako waziwazi kuliko lile lililosimama sawa huku limeficha upungufu huo, maana la kwanza angalau linamfanya dereva apunguze mwendo.

Wala springi mpya haiongezi mpaka wa ekseli. Mpaka huo hufuata kiungo dhaifu kuliko vyote: beringi, ringi, breki, ganda la ekseli lenyewe, au tairi. Tairi ni rahisi kukagua, kwa sababu namba yake iko ubavuni, mwishoni mwa maandishi ya ukubwa. 112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120. 104 ni kilo 900. 100 ni kilo 800. Pikapu yetu ya mfano ikifungwa nyuma matairi ya mtumba yenye namba 100, mpaka wa ekseli umeshuka hadi 1,600 bila mtu yeyote kugusa kibandiko cha mlangoni. Na hiyo ni likiwa jipya, limejazwa upepo wa kutosha.

Mifuko ya hewa ina kisa chake. Springi ya mabamba hushika fremu sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli, na kuutawanya mzigo. Mfuko wa hewa husukuma fremu sehemu moja, katikati. Ukiwa na tela zito mwishoni na mfuko ukisukuma juu katikati, fremu inapindwa kama mtu anavunja kuni juu ya goti. Australia, ambako barabara za vumbi huko bara ni za masafa marefu na zina matuta madogo yasiyokwisha, zimeonekana dabo kabini nyingi zilizopinda fremu nyuma tu ya kabini, bodi ikitazama chini na kabini ikitazama mbele. Mara nyingi kilo zilizozidi si za ajabu. Ni umbali wa mzigo kutoka kwenye ekseli, ukizidishwa na kila tuta.

Basi kwa nini usiupunguze tu ule uzito unaoegemea tufe? Ni rahisi mno: sogeza mzigo nyuma ndani ya tela. Kilo 350 zinakuwa 150, pikapu inanyooka, ekseli ya nyuma inapumua. Hapa ndipo penye mtego. Tela lenye uzito nyuma ya ekseli yake hupiga mkia. Kwa kilomita 60 kwa saa halina neno. Kwa 90, basi likikupita kwa kasi au upepo ukikupiga ubavuni, tela linakwenda kushoto, linarudi kulia kwa nguvu zaidi, linakwenda kushoto tena, na kila mzunguko unaisukuma nyuma ya pikapu ambayo mbele yake haina uzito wa kuizuia. Dereva anageuza usukani kupingana nalo, kwa kuchelewa kidogo kila mara, na kuchelewa huko kunalipa tela nguvu. Wanaofundisha kazi hii husema ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani bila kupigana, usikanyage breki ya gari kwa nguvu, na kama breki za tela zina swichi yake ndani ya kabini, itumie hiyo peke yake. Ushauri mzuri. Sijui ni wangapi huukumbuka mkia unapoanza kupiga.

Kwa sababu hiyo Marekani na Australia hushauri mkono wa tela uegemee tufe kwa takriban asilimia 10 ya uzito wa tela, na Wamarekani hufika hadi 15. Ulaya hukubali pungufu ya hapo, lakini Ulaya matela mengi ya familia ni mepesi na mwendo wake umewekewa kikomo cha chini. Kilo 350 kwa tela la 3,200 ni karibu asilimia 11. Haziwezi kuondolewa kwa ujanja. Ama unazibeba pale zilipo, ama unabadili mahali pa kuzibebea.

Mahali pa kuzibebea palishabadilishwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na kwa ajili ya boti. Mwaka 1914, mfanyabiashara wa mbao wa Detroit aitwaye Frederic Sibley alitaka boti yake ifike ziwani, kaskazini mwa Michigan, kwa kuvutwa na Ford Model T. Alimwendea August Fruehauf, mhunzi na mtengeneza mikokoteni. Fruehauf hakuunda mkokoteni wa magurudumu manne wa kufuata nyuma ya gari. Alitengeneza tela ambalo mbele yake liliegemea juu ya sehemu ya nyuma ya Ford, na magurudumu yake yakawa nyuma tu. Boti ilifika, Sibley akaagiza mengine ya kubebea mbao, na kufikia 1918 Fruehauf alikuwa na kampuni ya matela. Kila lori la kontena linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma limebeba wazo hilohilo: tela linakaa juu ya magurudumu ya nyuma ya kichwa, halining'inii nyuma yake.

Kwa pikapu, Wamarekani hufunga tufe sakafuni mwa bodi, juu ya ekseli au mbele yake kidogo, na mkono wa tela huinuka na kuinama juu ya lango la nyuma kama shingo ya bata bukini. Rudi kwenye hesabu yetu. Tufe likiwa sentimita 10 mbele ya ekseli, kilo 350 zile zinagawanyika hivi: 338 nyuma, 12 mbele. Mbele haijapoteza kitu, imepata. Na nyuma imebeba kilo 152 pungufu kuliko tufe lilipokuwa kwenye bampa, kwa tela lilelile. Ile pikapu iliyozidi kwa kilo 30 ingekuwa na akiba ya kilo 122. Ndiyo maana kwa kiungo cha aina hii wanaruhusu hadi robo ya uzito wa tela iegemee gari, na tela linatulia zaidi barabarani.

Gharama yake ni bodi. Tufe katikati ya sakafu maana yake hupakii magunia, na fremu inahitaji chuma cha kuishika kutoka chini. Kwa mtu ambaye pikapu ni ya shamba siku sita na ya boti siku moja, si biashara. Huku kwetu sijaziona nyingi, na dabo kabini yenye bodi fupi mara nyingi haina nafasi ya kugeuza: kona ya tela inagonga kabini kabla kona haijaisha.

Kuna njia ya kati. Ni kiungio chenye fito mbili za springi zinazotoka kwenye tufe na kurudi nyuma chini ya mkono wa tela, zikakazwa kwa minyororo. Zikikazwa, zinajaribu kuinua nyuma ya pikapu na kuikandamiza mbele, na sehemu ya uzito inasukumwa hadi kwenye ekseli za tela. Tofauti na springi za fundi, hii inabadilisha kweli kinachosomeka kwenye mizani ya kila ekseli. Ikikazwa sawasawa, ekseli ya mbele inarudishiwa sehemu ya ilichopoteza. Watengenezaji wengi hawashauri kurudisha zote, kwa sababu tufe likiondolewa mzigo kupita kiasi nyuma inaanza kuteleza. Na si kila gari linaruhusiwa kuzifunga, kwa sababu fito hizo huisokota fremu. Kitabu cha gari kina neno la mwisho hapo.

Msomaji atauliza: na mizani za barabarani je? Si zipo kwa ajili hiyo? Vigwaza, Mikese, Mariakani, Gilgil, kote huko malori yanapimwa ekseli kwa ekseli. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2013, imeweka tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi pachapacha, na tani 56 kwa gari zima. Inawahusu wenye magari ya kuanzia tani 3.5. Pikapu hupita pembeni, dereva akipunga mkono.

Na kwa mtazamo wa barabara, ni haki ipite. Kati ya 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, wahandisi wa Marekani walijenga barabara za mviringo na kuyazungusha malori yaliyoendeshwa na wanajeshi, usiku na mchana, ili waone lami inachakaa vipi. Walichokipata ndicho kinachoongoza sheria za ekseli hadi leo: uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 dhidi ya ekseli ya pikapu ya tani 1.8 si mara tano na nusu. Ni zaidi ya mara 900. Serikali ina kila sababu ya kumwacha mwenye pikapu aende zake. Mizani ile imewekwa kulinda lami. Fremu yako, matairi yako na watoto walioko kiti cha nyuma haviko kwenye kazi yake.

Kwa hiyo mwenye pikapu ajipime mwenyewe, na si kazi ngumu. Machimbo ya kokoto, viwanda vya sukari na maghala ya nafaka yana mizani za malori, na mwenye nayo mara nyingi hukubali kwa ada ndogo ukienda saa isiyo na foleni. Nenda umepakia kama siku ya safari, watu wote ndani, mafuta yamejaa. Panda kwa magurudumu ya mbele tu, andika. Panda pikapu yote, tela likiwa limefungwa lakini magurudumu yake yako nje ya bamba, andika. Toa ya kwanza kwenye ya pili, umepata ekseli ya nyuma. Panda vyote, andika. Kisha fungua tela, pima pikapu peke yake, mbele na nyuma. Tofauti kati ya mbele yenye tela na mbele isiyo na tela ndiyo inayopaswa kukukosesha usingizi au kukupa. Usipime siku uliyopanga kusafiri. Ukikuta umezidi, utajiambia ni kilo chache na kuondoka.

Uzito unaoegemea tufe unaweza kuupima nyumbani. Mizani ya bafuni hukomea kilo 150 hivi, kwa hiyo tumia ubao. Egemeza ncha moja ya ubao juu ya tofali, ncha nyingine juu ya mizani, na kati yake gawa sehemu tatu sawa. Shusha mkono wa tela kwenye alama iliyo jirani na tofali. Mizani itasoma theluthi moja. Toa inachosoma ubao ukiwa mtupu, zidisha kwa tatu. Tela liwe limesimama sakafu sawa, magurudumu yamezuiwa, na mkono uwe kwenye kimo kilekile cha tufe la gari. Ukiinamisha mkono, namba inapanda. Ukiuinua, inashuka, na utakuwa umejidanganya kwa juhudi.

Boti ndizo zinazoshangaza zaidi kwenye ubao huo. Injini ya nje ya farasi 100 ina uzito wa kilo 160 hivi, na imening'inia nyuma kabisa, mahali pabaya kuliko pote kwa tela. Weka na tangi la mafuta chini ya kiti cha nyuma, utakuta mkono wa tela unaweza kuinuliwa na mtoto. Hapo usiongeze mawe mbele. Kwenye matela mengi ya boti, ekseli hushikwa na boliti za umbo la herufi U. Zilegeze, isogeze ekseli nyuma kiasi cha kiganja, kaza, pima tena. Nguzo ya winchi nayo huwa na nafasi ya kusogezwa mbele. Matangi ya maji hayana marekebisho ya aina hiyo, na tangi lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa, maana maji yanakimbia nyuma unapopanda mlima na mbele unapofunga breki. Ng'ombe ni hivyohivyo, isipokuwa hawana mfuniko. Wafunge, au gawa tela kwa geti la katikati.

Na kama baada ya kupima yote ekseli ya nyuma bado imezidi, anza na bodi kabla ya tela: kilo ulizoweka nyuma ya ekseli ya pikapu huhesabiwa kwa nyongeza, wakati zilezile ukizihamishia kwenye tela, juu ya ekseli ya tela, hazigusi pikapu kabisa ilimradi tela halijafika mpaka wake. Madumu ya dizeli yahamie huko. Kiungio kikatwe kifupi kadiri mkono wa tela utakavyoruhusu pikapu igeuke bila kona ya bampa kugusana nao. Ikishindikana, pikapu hiyo si ya kazi hiyo, na kukodi Canter kwa siku mbili za safari ni bei ndogo kuliko ekseli, matairi na fremu.